Alama Ndani ya Kola

Pasi ya mkaa haitaki mtu mwenye mawazo. Ukimuwaza mtu, unaunguza. Na siku ile binti wa dobi alikuwa ameshaunguza mashati mawili ya watu kabla ya saa nane mchana, kwa sababu moyo wake haukuwepo pale mezani. Ulikuwa barabara kuu, katikati ya maelfu ya watu waliokuwa wakiimba kwamba wamechoka na giza, na mmoja wao alikuwa wake.

Wateja walimwita Pasi, na si kwa ajili ya kazi tu, ni kwa ulimi pia. Ukimletea suruali yenye matope mpaka kiunoni ukamuuliza kama itatakata, atakujibu, "Suruali itatakata, wewe mwenyewe ndiyo sijui." Watu walicheka na kesho yake wakarudi. Lakini mchana huo ulimi ulikuwa umelala fofofo.

"Mama," baba yake alimwita kutoka mlangoni, maana alikuwa binti yake wa pekee na sura yote ya marehemu mkewe ilikuwa imehamia kwake. "Shati la tatu likiungua utalivaa wewe."

"Nimesikia, baba."

"Na ile aproni ya muuza nyama?"

"Iko kwenye beseni."

"Maji gani?"

"Ya baridi! Miaka yote hii unaniuliza maji gani!"

"Nitauliza mpaka nife. Damu si jasho."

Mlipuko ukasikika upande wa barabara kuu, halafu mwingine. Mzee akasimama, akachungulia nje, akakaa, akasimama tena. Mwanawe wa kwanza, kaka yake Pasi, alikuwa huko pia, ila yeye alikuwa upande wa pili, wa askari, mstari wa mbele, na ngao mkononi. Sare zake mbili zilikuwa zimening'inia pale pale dukani, zimepigwa wanga, zikimsubiri.

Haya, nikuambie chanzo, usije ukadhani watu waliamka tu siku moja wakaanza kurushiana mawe. Umeme ulikuwa unakatika kila siku kwa mwaka mzima. Watu walinung'unika, wakazoea. Kisha usiku mmoja ukakatika hospitali, na jenereta halikuwaka kwa sababu mafuta yake yalikuwa yameuzwa na wakubwa. Mwanamke mmoja akafa akijifungua, yeye na mtoto wake, nesi akimmulikia kwa simu. Mwanamke huyo alikuwa dada wa fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mmoja waliyemwita Cheche. Kabla ya hapo Cheche hakujua maandamano yanaanzia wapi. Alijua mageti na madirisha, na alimjua Pasi. Siku ya tatu baada ya mazishi alitoka peke yake, akasimama mbele ya ofisi ya umeme na mshumaa mmoja. Kesho yake walikuwa arobaini. Wiki ya pili hawakuhesabika.

Nyumbani kwa Pasi jambo hilo lilikuwa kaa la moto. "Siku nikikutana naye barabarani," kaka alikuwa amesema, "sitajua shemeji wala mshenga." Na baba naye: "Achana naye, mama. Damu nzito kuliko maji." Pasi akaitikia ndiyo, ndiyo, kwa mdomo. Lakini mapenzi ni kikohozi, jamani, hayafichiki. Akafanya kosa ambalo binti wa dobi tu ndiye anayeweza kulifanya.

Kila nguo inayoingia kwa dobi hutiwa alama ya uzi ndani ya kola ili isipotee. Duka la mzee lilitumia uzi mweupe na namba. Lakini marehemu mama yake Pasi, aliyekuwa binti wa dobi naye, zamani alikuwa akimtilia kijana mmoja mteja alama ya peke yake: misalaba miwili midogo ya uzi mwekundu iliyoshikana mikono. Kijana akauliza hii ni nini. Akajibiwa, "Ni wewe usipotee." Kijana huyo ndiye sasa alikuwa mzee mwenye duka. Baadaye mama aliwashonea watoto wake alama hiyo hiyo kwenye mashati ya shule, na kaka alikuwa hapati usingizi mpaka aisugue kwa dole gumba. Tangu mama afe hakuna aliyeishona tena. Pasi aliishona mara moja tu, mwezi uliopita, kwenye shati la bluu la Cheche.

Milipuko ilipozidi, mzee alivaa viatu. "Naenda mpaka kona niulize habari za kaka yako. Funga mlango."

Pasi alikuwa bado ana komeo mkononi aliposikia kishindo cha mtu aliyeruka ukuta wa uani.

Alikuwa Cheche. Kifua wazi, mwili mzima umejaa masizi ya moshi, macho mekundu, na damu kuanzia vidoleni hadi viwikoni. Alisimama katikati ya mashuka mabichi yaliyoanikwa, akawa hasogei, kana kwamba anaogopa kuyachafua.

"Mungu wangu! Umeumia wapi?" Pasi alimrukia, akampapasa kifua, mabega, shingo.

"Sijaumia."

"Na damu yote hii?"

"Si yangu."

Alimketisha juu ya sanduku la sabuni, akavuta beseni jingine, akamwosha mikono kidole kimoja kimoja. Ile mikono alikuwa akiijua, makovu yake ya moto, ukucha wake mmoja mweusi. Cheche alikuwa akimtazama utosini, na Pasi aliyasikia yale macho bila kuinua kichwa, joto likamshuka mpaka mgongoni. Hata siku kama ile. Mwili hauna adabu.

"Shati langu liko wapi?" Pasi aliuliza, maana shati la bluu alilihesabu lake.

"Nimemfungia mtu kichwani. Alikuwa anavuja damu."

"Mwenzenu?"

"Askari."

Pasi akacheka kwa ahueni, machozi yakamlengalenga. "Ndiyo maana nakupenda, mjinga wewe. Wao wanawapiga risasi, wewe unawafunga vidonda." Akamshika mashavu, akambusu.

Cheche aligeuza uso. "Usinibusu. Nisikilize kwanza."

"Nini?"

"Walianza kupiga risasi tukiwa tumekaa chini. Tumekaa, Pasi! Mwalimu aliyekuwa kushoto kwangu alianguka mdomo wazi, na wimbo bado umo mdomoni. Nikatia mkono mfukoni. Mlikuwa na bawaba ya geti, ile nzito. Nikairusha." Alimeza mate. "Sikumlenga mtu. Nilizilenga zile ngao. Ikampata mmoja usoni, kioo cha kofia kikavunjikia ndani. Alipoanguka, wenzake wakarudi nyuma wakamwacha. Watu wakamfuata kwa mawe. Kofia ikamtoka, nikamwona."

"Ukamwona nani?"

Cheche akaitazama mikono yake iliyooshwa.

"Nimekuuliza, ukamwona nani?"

"Kaka yako."

Pasi hakujua kofi lilimtoka saa ngapi. Alisikia tu kiganja kinamuwaka. Akampiga la pili, akampiga kwa ngumi kifuani, mabegani, usoni, akipiga na kulia, na Cheche amekaa vile vile juu ya sanduku, mikono magotini.

"Jikinge! Inua mikono ujikinge, mwanaharamu!"

"Sijikingi."

"Yuko hai?"

"Alikuwa anapumua. Nilimlalia juu mpaka wenzake waliporudi kumchukua. Ndipo nikakimbia."

Pasi akazunguka nyuma yake. Mgongo ulikuwa umechanika kwa mawe kuanzia bega mpaka kiunoni. Akauziba mdomo wake kwa mkono.

"Kwa nini umekuja hapa?" alisema hatimaye. "Dunia yote ilivyo kubwa, umekuja hapa?"

"Sikutaka usikie kwa mtu mwingine."

Hapo ndipo mlango wa mbele ulipogongwa kwa buti. Pasi alipofushwa na woga. Akanyakua sare ya kaka yake kwenye kamba, akamtupia. "Vaa! Vaa upite kwa nyuma, hakuna atakayekuuliza!"

Cheche aliitazama ile sare, akaiweka taratibu juu ya sanduku. "Siwezi kuvaa nguo ya mtu niliyemuumiza."

"Utakufa kwa ubishi wako!" Akamsukuma nyuma ya mashuka, akakimbilia ndani.

Mlango ulishavunjika. Sajenti aliingia akiwa amemshika mzee kola, na askari wawili nyuma yake. Alikuwa mteja wa siku nyingi, mtu wa utani, kila Ijumaa alikuja kuchukua sare za kituo kizima. Leo hakuwa na utani. Alitupa kitu juu ya meza ya pasi. Shati la bluu, limekauka damu, limekakamaa.

"Mzee, kijana wako yuko hospitali," alisema. "Amepigwa na chuma. Macho."

Mzee alishika ukingo wa meza. "Macho gani? Moja?"

"Madaktari wanaangalia. Shati hili tumelikuta limeviringishwa kichwani mwake. Mwenye shati ndiye aliyempiga, walimwona amemkalia juu anamkaba. Lina alama ya dobi ndani ya kola, na wewe unajua alama za madobi wote wa mji huu. Nisomee."

Mzee akalifungua shati, akaigeuza kola. Pasi alimwona baba yake akiiona. Aliona dole gumba likipita juu ya misalaba miwili, polepole, likarudi, na uso wa mzee ukawa mweupe kama wanga. Hakumtazama binti yake. Ila alikaza shingo mno ili asimtazame, na Sajenti hakuwa mtoto.

"Siijui," mzee alisema.

"Mwaka jana ulinipatia suruali iliyopotea kwa kuinusa tu. Leo alama hujui?"

"Siijui."

"Ebo! Kikulacho ki nguoni mwako, mzee." Sajenti akatoa rungu. "Weka mkono mezani."

"Afande," askari mmoja alisema kwa sauti ndogo, "ni baba yake mwenzetu."

"Ndiyo maana namuuliza kwa upole. Mkono!"

Askari wa pili akaukandamiza mkono wa kulia wa mzee juu ya meza, pale pale alipopiga pasi miaka arobaini. Rungu likashuka. Vidole vikalia kama vijiti vikavu. Mzee alitoa sauti ambayo Pasi hakuwahi kuisikia kwa binadamu, kisha akasema, meno yamekazana, "Siijui."

Rungu likainuliwa tena.

"Mimi!" Pasi alipiga kelele. "Mimi ndiye niliyeishona! Mwache!"

"Mama, nyamaza!"

"Ya nani?" Sajenti alimgeukia.

Pasi alikuwa ameishika pasi, mkaa ndani yake unawaka. "Mguse tena baba yangu uone."

Sajenti alimpiga kwa upande wa mkono, kofi la kumwangusha ng'ombe. Pasi akaenda chini na pasi ikaenda naye, kifuniko kikafunguka, makaa yakatapakaa sakafuni na juu ya buti la askari. Askari akarukaruka akipiga mayowe. Sajenti alimshika Pasi nywele, akamwinua, akamsogeza uso karibu na makaa mpaka nyusi zikanukia kuungua.

"Nauliza mara ya mwisho. Ya nani?"

"Yangu."

Cheche alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, kifua wazi, mikono juu. "Shati ni langu. Mwachie."

Walimwachia Pasi, naam, wakamhamia yeye. Watatu kwa mmoja, marungu na buti, hawakuchagua kichwa wala mbavu. Akaangukia makaa akaviringika, wakamrudisha. Pasi alijitupa juu ya mguu wa askari mmoja akaung'ata, akapigwa teke la tumbo, pumzi zikakata. Aliona jino likiruka likagonga ubao wa ukuta. Sajenti akachomoa bastola.

"Afande!" Yule wa sauti ndogo alimshika mkono. "Mkuu wa kituo anataka shahidi. Tumpeleke kwa majeruhi amtambue kwanza."

Sajenti alihema, jasho linamtiririka. "Sawa. Kijana wako akisema ni huyu, mzee, huyu kesho haioni." Akamburuta Cheche nje kwa pingu.

Barabara ilikuwa ya viatu. Sijui kama umewahi kuona mji baada ya maandamano. Ni viatu vya mguu mmoja mmoja, na vioo, na harufu ya pilipili hewani. Pasi na baba yake walitembea kwenda hospitali, mzee amefungwa mkono kwa foronya ya mteja, wote wawili wakikohoa.

"Ni yeye aliyempiga mwanangu?" mzee aliuliza.

"Baba, usiongee, umeumia."

"Nimevunjwa vidole kwa ajili ya jibu hilo. Nipe."

Pasi alisimama. "Ni yeye. Alirusha bila kujua ni nani. Na ni yeye aliyemfunga, akamlalia juu wasimmalize kwa mawe."

Mzee akaanza tena kutembea, ameupakata ule mkono. "Usidhani nilimficha yeye," alisema mwishowe. "Nilimwona mama yako kwenye ile kola. Ningemtoaje mama yako kwa polisi?"

Wodini, kaka alikuwa amelala chali, kichwa kizima kimeviringwa bandeji, imebaki pua na mdomo tu. Nesi aliwavuta pembeni. Alikuwa msichana mdogo, naye alikuwa akilia kimya kimya huku akifanya kazi. Akampa Pasi mfuko wenye sare ya kaka, imelowa damu. "Macho yote mawili," alisema. "Tumejaribu. Poleni."

Mzee akajiegemeza ukutani, akateleza mpaka chini.

Walimwingiza Cheche. Jicho moja limefumba, midomo imepasuka, hawezi kusimama bila kushikwa. Sajenti akakitikisa kitanda.

"Kamanda wangu, pole. Tumemleta mwenye shati. Huyu hapa. Ataongea, wewe utamtambua kwa sauti. Sema jina lako, mbwa."

"Subiri," kaka alisema. Sauti ilikuwa yake ile ile, nzito, ya kaka mkubwa. "Shati liko wapi? Nipeni."

Akapewa. Alilipapasa mikono, akalipapasa kifua, akaifikia kola. Dole gumba likaingia ndani, likakuta uzi. Likasimama.

Pasi alilijua lile dole. Utoto wao wote walilala kitanda kimoja, na kila usiku lilikuwa likienda na kurudi juu ya uzi, kwenda na kurudi, mpaka anasinzia. Sasa lilikuwa likienda na kurudi.

Ghafla feni la darini likapunguza mwendo, likasimama. Taa zikazimika. Ilikuwa jioni tayari, mwanga uliobaki ulikuwa wa dirisha tu, na wodi nzima ikanyamaza.

"Mbona mmenyamaza?" kaka aliuliza.

"Umeme umekatika, kaka," Pasi alisema.

"Alaa." Akatabasamu kidogo kwa upande mmoja wa mdomo. "Nilidhani ni mimi peke yangu." Kisha akasema, "Kumbe upo, dada. Umeishona wewe hii?"

"Mimi, kaka."

"Umekazia vizuri. Mama alikuwa analegeza mwisho."

Sajenti akaguna. "Tuache habari za ushonaji. Ni yeye aliyekupiga, au siye? Sema neno moja tu, tumalize."

Neno moja. Pasi aliuangalia ule mdomo uliobaki nje ya bandeji. Alikuwa akimpenda mwenye mdomo huo kabla hajajua kupenda ni nini. Na alikuwa akimpenda yule aliyeshikwa mlangoni, damu inamdondoka kwenye kidevu. Hakujua amwombe Mungu nini.

"Aliyenipiga sikumwona," kaka alisema.

"Fikiri vizuri."

"Kulikuwa na moshi. Sikumwona. Lakini mwenye shati hili alinilalia juu, mawe yakawa yanamwangukia yeye, namsikia anaguna. Mligeuka mkaniacha, Sajenti. Wewe ulikuwa wa kwanza kugeuka. Yeye hakuniacha. Mkimuua, nitalisema hilo mbele ya Mkuu na mbele ya kila atakayeniuliza haya macho yamekwenda wapi."

Sajenti aliwaangalia askari wake mmoja mmoja, na hakuna aliyemrudishia jicho. Akafungua pingu kwa hasira, akampiga Cheche teke la mwisho la mgongo lililomtoa mpaka koridoni. "Una bahati ya mtende," alisema, akaondoka na buti zake.

Mzee alipelekwa kufungwa vidole. Pasi akapiga magoti kando ya kitanda, akaubusu mkono wa kaka yake, akaulowesha kwa machozi.

"Asante. Asante, kaka yangu. Mungu akulipe."

Kaka akamshika kifundo cha mkono. Alikaza mpaka Pasi akasikia mifupa. Akamvuta chini, sikio likagusa bandeji.

"Nilimwona," alinong'ona. "Nilimwona anatoa mkono mfukoni. Nilimwona vizuri, na ndicho kitu cha mwisho nilichokiona duniani. Si mama, si wewe. Yeye."

"Kaka..."

"Nimekupa. Mchukue. Olewa naye, hama naye, sijui. Ila asije akasogea karibu na kitanda changu nikaisikia sauti yake. Siku hiyo nitakumbuka kwamba mimi ni askari." Akamwachia mkono. "Haya, nenda. Na shati lenu hili chukua."

Cheche alikuwa amekaa kwenye ngazi za hospitali, amejishika mbavu. Alipomwona Pasi alijaribu kutabasamu kwa ile midomo iliyopasuka, pengo jipya likaonekana.

"Kaka yako ni mtu," alisema. "Pasi, Mungu mkubwa. Hakuniona!"

Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Wangeweza kuishi nalo miaka hamsini, wakazaa, wakazeeka, na Cheche asijue.

"Alikuona," Pasi alisema. "Alikuona ukitoa mkono mfukoni. Hatamwona mtu mwingine tena."

Cheche akaanza kuinuka, akishika ukuta, na akageukia juu, kwenye mlango wa hospitali.

"Unakwenda wapi?"

"Kumwambia Sajenti."

"Keti."

"Pasi, siwezi. Dada yangu alikufia humu humu gizani, nikatoka kudai mwanga. Sasa mimi ndiye niliye..."

"Nimesema keti!" Akamshika mkanda wa suruali, akamvuta, na kwa kuwa hakuwa na nguvu alikaa. "Ukiingia humo, watakuua kabla ya asubuhi, na macho ya kaka yangu yatakuwa yamekwenda bure. Amekulipia kwa yote mawili. Huna ruhusa ya kufa. Unanisikia? Nakuchukia leo, na nakupenda, na sijui nitafanya nini na wewe. Lakini kufa hufi. Simama twende."

Walirudi wakishikana, kwa sababu bila hivyo Cheche angeanguka. Dukani mlango ulikuwa bado umevunjika, makaa yamezima sakafuni. Pasi akawasha taa ya mafuta, akaweka mfuko wa hospitali juu ya meza. Akatoa sare ya kaka, nzito, nyeusi kwa damu, akamwekea Cheche mapajani.

"Fua."

Alikuwa hajaguswa na daktari yeyote, vidole vimevimba, mgongo uko wazi. Akaichukua. Alichutama uani kwenye beseni, akaiweka sare ndani. Mkononi alikuwa na birika la maji ya moto, lililokuwa jikoni tangu mchana limefukiwa kwenye majivu, tayari kuyamimina, maana kila mtu asiye dobi hudhani uchafu mkubwa unataka moto mkubwa.

Mlango wa uani ukalia. Mzee alikuwa amesimama, mkono wake wa kulia umekuwa donge kubwa jeupe. Alimwona aliyechutama. Akamtazama mgongo uliochanika, akaiona sare, akaitambua. Pasi akajisogeza katikati yao, hajui atamzuia nani.

Mzee alimpita binti yake. Akasimama juu ya Cheche muda mrefu, na taa ikawa inacheza. Pumzi zake zilikuwa zikitoka kwa kukwaruza. Kisha akainama kwa taabu, na kwa mkono wake mzima akalishika lile birika, akamnyang'anya, akalimwaga ukutani.

"Maji ya baridi," alisema, machozi yakimdondoka kidevuni. "Damu ukiitia maji ya moto haitoki tena. Sugua taratibu. Na ukimaliza, yamwage, uanze upya."